Kizunguzungu na kuishiwa nguvu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: Mambo ya kujua ukiwa Shinyanga au Geita

Mtu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito Dar es Salaam au India, karudi nyumbani Kahama, Shinyanga mjini au Geita. Kilo zinashuka, nguo zinapwaya, majirani wanamsifia. Lakini akisimama ghafla anaona giza. Akipanda ngazi miguu inakuwa mizito. Mchana anatamani kulala tu.

Akienda zahanati ya jirani anapimwa malaria. Wakati mwingine anaambiwa ana UTI au taifodi, anapewa dawa, anawekewa dripu ya glukosi na kurudi nyumbani. Wiki inayofuata hali ni ile ile, au imezidi.

Shida ni kwamba aliyemhudumia hakujua kuwa mgonjwa alipunguzwa mfuko wa chakula. Na taarifa hiyo moja ndiyo inayobadilisha maana ya kizunguzungu chake.

Kwa ufupi

- Uchovu wa wiki 4 hadi 6 za mwanzo ni wa kawaida kwa wengi. Unatakiwa upungue kila wiki, usiongezeke.
- Sababu kubwa ya kizunguzungu miezi ya mwanzo ni maji kuwa machache mwilini na dawa za presha au sukari ambazo hazijapunguzwa.
- Anayetapika kwa siku kadhaa mfululizo anahitaji vitamini B1 haraka. Kukosa vitamini hiyo kunaweza kuharibu ubongo moja kwa moja.
- Kizunguzungu kinachokuja baada ya mwaka mmoja au zaidi mara nyingi ni damu kupungua, B12 kupungua au sukari kushuka baada ya kula.
- Popote unapotibiwa, sentensi ya kwanza iwe: "Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito."

Upasuaji unabadilisha nini mwilini

Kuna njia tatu ambazo Watanzania wengi wamezisikia.

Ya kwanza ni puto. Huu si upasuaji. Daktari anapitisha kamera mdomoni, anaweka puto ndani ya mfuko wa chakula na kulijaza maji ili mtu ashibe mapema. Puto hutolewa baada ya miezi 6, na aina nyingine baada ya miezi 12.

Ya pili ni kukata mfuko wa chakula. Sehemu kubwa, karibu asilimia 75 hadi 80, inaondolewa na kubaki bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Sehemu iliyokatwa hairudi.

Ya tatu ni baipasi. Daktari anatengeneza kifuko kidogo sana juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo, ambako madini ya chuma na vitamini nyingi hufyonzwa.

Nchini, huduma za puto na upasuaji wa kupunguza uzito zimejulikana zaidi katika miaka ya karibuni kupitia Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila. Kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,000 kwa barabara, na Geita ni mbali zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa Kanda ya Ziwa hawezi kumkimbilia daktari wake kila kichwa kinapozunguka. Inabidi yeye na familia yake wajue kipi cha kusubiri, kipi cha kupeleka kituo cha jirani, na kipi cha kukodi gari usiku huo huo.

Wiki za mwanzo: maji kwanza

Kabla ya upasuaji mtu aliweza kunywa glasi nzima ya maji kwa mkupuo. Baada yake, mikupuo michache tu inajaza kifua na kuuma. Matokeo yake anaacha kunywa. Shinyanga ni mkoa wenye jua kali na ukame, na maji hayo machache yanaisha kwa jasho.

Mwili ukikosa maji, presha inashuka mtu anaposimama. Hapo ndipo anaona nyota, masikio yanavuma, anashika ukuta.

Lengo la kawaida ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, lakini kwa kunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Chupa ndogo ya maji ikae mkononi, na kila dakika chache mtu achukue funda moja. Asinywe wakati wa kula. Asubiri kama dakika 30 baada ya chakula, kwa sababu maji na chakula vikikutana kwenye mfuko mdogo vinaleta kutapika, au vinasukuma chakula haraka utumboni.

Angalia mkojo. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, maji hayatoshi. Ukiwa wa njano hafifu, uko vizuri. Kwa aliyewekewa puto kuna rangi nyingine ya kuangalia: maputo mengi hujazwa maji yenye dawa ya bluu, kwa hiyo mkojo ukibadilika kuwa wa bluu au kijani, huenda puto limepasuka. Hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Uchovu wenyewe, wiki hizi, una maelezo rahisi. Mtu anaishi kwa supu, maziwa na uji mwepesi. Nguvu anayoingiza kwa siku mara nyingi haifiki kilokalori 1,000, huku mwili unaponya kidonda cha ndani. Kazi za mezani wengi huzirudia baada ya wiki 2 hadi 4. Kubeba vitu vizito husubiri kama wiki 6 au kadiri daktari atakavyosema. Mchimbaji anayebeba viroba vya mawe, au mama anayechota maji kwa ndoo kichwani, asirudi kwenye kazi hiyo kwa sababu tu kidonda cha nje kimefunga.

Dawa za presha na sukari zinaweza kugeuka sumu

Hili linawakamata wengi bila kujua.

Watu wengi wanaofanyiwa upasuaji huu walikuwa na presha au kisukari. Uzito ukianza kushuka, presha na sukari navyo vinashuka, mara nyingine ndani ya siku au wiki chache tu. Lakini mgonjwa anaendelea kumeza vidonge vile vile, kwa kipimo kile kile alichopangiwa akiwa na kilo 130.

Dawa za kukojoza, kama hidroklorothiazaidi na furosemaidi, zinatoa maji kwenye mwili ambao tayari una maji kidogo. Dawa nyingine za presha zinaendelea kuishusha hata isipohitaji kushushwa. Insulini na glibenklamaidi zinaweza kuangusha sukari hadi mtu azimie.

Usiache dawa kwa uamuzi wako. Lakini usikae na kizunguzungu ukisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda ukapimwe, na omba kipimo hiki rahisi ambacho hata kituo cha afya cha kata kinaweza kukifanya:

1. Lala chali dakika 5, upimwe presha.
2. Simama.
3. Upimwe tena baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3.

Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, kizunguzungu chako kinatokana na presha kushuka ukisimama. Hapo daktari ataangalia maji na dawa zako kabla ya kitu kingine.

Unakula, kisha unatokwa jasho na moyo unakimbia

Kuna kizunguzungu kinachofuata sahani. Dakika 10 hadi 30 baada ya kula, hasa kitu cha sukari, mtu anatokwa jasho, moyo unadunda, tumbo linanguruma, anataka kulala. Madaktari huita dampingi: chakula kimekimbilia utumbo mwembamba haraka kuliko inavyotakiwa, na kuvuta maji mengi kutoka kwenye damu. Hutokea zaidi kwa waliofanyiwa baipasi, ingawa hata waliokatwa mfuko wanaweza kuipata.

Aina ya pili huchelewa. Saa 1 hadi 3 baada ya kula, mwili unakuwa umemwaga insulini nyingi kupambana na ile sukari iliyoingia kwa kishindo, na sukari ya damu inashuka kupita kiasi. Mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, anaweza kuanguka. Hii mara nyingi huanza kujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati kila mtu ameshasahau kuwa kulikuwa na upasuaji.

Ushauri wa mtaani ni mmoja: "Mpe soda." Soda nzima itainua sukari kwa muda, kisha itaiangusha tena. Uji wenye sukari nyingi, juisi ya miwa na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyopendwa machimboni vinafanya kazi ile ile.

Kama kuna mashine ya kupimia sukari, pima. Ikiwa chini ya 4, au kama hakuna mashine na mtu anatetemeka na kutokwa jasho lakini bado anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji kidogo. Pima au mwangalie tena baada ya dakika 15. Akikaa sawa, mpe chakula cha kumshikilia: yai, maziwa mtindi au karanga kidogo. Aliyezimia asiwekewe kitu chochote mdomoni. Akimbizwe hospitali.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Kula kidogo mara 5 au 6 kwa siku, tafuna hadi chakula kilainike, anza na protini, na vitu vya sukari weka mbali.

Kutapika na dripu ya glukosi: hapa ndipo pa hatari

Vitamini B1, inayoitwa pia thiamini, haikai mwilini muda mrefu. Akiba yake inaweza kuisha ndani ya wiki 2 hadi 3 tu. Mtu anayetapika kila anachokula baada ya upasuaji anaweza kuimaliza kabla hajarudi kliniki ya kwanza.

Ubongo unaitumia B1 kuchoma sukari. B1 ikiisha, dalili huanza kama uchovu, ganzi miguuni na kizunguzungu. Kisha mwendo unayumba kama wa mlevi, macho yanacheza au mtu anaona vitu viwili viwili, kumbukumbu inavurugika, anaongea vitu visivyoeleweka. Kwa wengine ndugu hufikiri amelogwa au ameanza pombe. Ikichelewa kutibiwa, kumbukumbu inaweza isirudi tena, na mtu anaweza kufa.

Sasa fikiria mgonjwa huyo anafika kituoni akiwa hoi, na jambo la kwanza anawekewa dripu ya glukosi. Sukari ile inaingia kwenye ubongo ambao hauna B1 ya kuichoma, na kile kidogo kilichobaki kinaisha. Hali inaweza kuwa mbaya zaidi baada ya dripu kuliko kabla yake.

Kwa hiyo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ambaye ametapika kwa siku kadhaa, anatakiwa apewe thiamini kwa sindano kabla ya glukosi au pamoja nayo. Kama sukari yake imeshuka sana, glukosi isicheleweshwe. Vyote viwili vitolewe kwa wakati mmoja. Ndugu anaweza kumuuliza daktari kwa heshima tu: "Daktari, alikatwa mfuko wa chakula na ametapika wiki nzima. Je, apewe B1 kabla ya dripu?" Swali hilo halimdharau mtu. Linampa daktari taarifa ambayo huenda hakuwa nayo.

Siku chache za kichefuchefu baada ya kuwekewa puto ni kawaida. Kutapika hadi maji hayakai tumboni kwa saa 24 si kawaida, iwe ni puto au upasuaji.

Baada ya mwaka: damu na B12

Wengi huacha vidonge vya vitamini wakishafika kilo wanazozitaka. Wanajiona wazima, na vidonge vinagharimu. Hapo ndipo uchovu wa pili unapoanza taratibu.

Madini ya chuma hupungua kwa sababu mtu anakula nyama kidogo, asidi tumboni imepungua, na kwa aliyefanyiwa baipasi sehemu inayofyonza imerukwa. Wanawake wanaopata hedhi wako kwenye hatari zaidi. Dalili ni kuchoka kwa kazi ndogo, moyo kwenda mbio, kucha kuwa laini, nywele kukatika, na hamu ya kula barafu au udongo. Ule udongo unaouzwa sokoni hauongezi damu. Unashika madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie mwilini.

Kanda ya Ziwa ina wezi wengine wa damu: minyoo ya safura, kichocho kwa wanaoingia ziwani na mabwawani, na malaria yenyewe. Mtu aliyefanyiwa upasuaji anaweza kuwa na sababu mbili au tatu kwa pamoja.

B12 huchelewa, kwa sababu ini lina akiba ya muda mrefu. Upungufu huonekana mara nyingi mwaka 1 hadi 3 baadaye: uchovu, ganzi vidoleni, kuyumba gizani, ulimi kuuma. Wanaotumia metformini ya kisukari au omeprazoli kwa muda mrefu hupungukiwa haraka zaidi.

Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito vina madini ya chuma na foliki asidi. Havina B12 wala B1. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, peke yake havitoshi. Na vidonge vya chuma visimezwe na chai ya rangi, maziwa au vidonge vya kalisiamu. Acha nafasi ya angalau saa 2.

Jambo lingine ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hununuliwa kirahisi duka la dawa kwa ajili ya mgongo na magoti. Kwa aliyefanyiwa baipasi hasa, zinaweza kuchimba kidonda pale mfuko ulipounganishwa, na damu ikavuja polepole. Kinyesi cheusi kama lami pamoja na kizunguzungu ni dharura. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Malaria ipimwe, isikisiwe

Shinyanga na Geita ni mikoa ambako malaria bado ni ugonjwa wa kila siku. Kwa hiyo kumpima mtu mwenye uchovu si kosa, ni lazima. Kosa ni kutibu malaria wakati kipimo kimetoka safi, au kuishia hapo kwa sababu kimetoka chanya.

Homa wiki za mwanzo baada ya upasuaji inaweza kuwa malaria. Inaweza pia kuwa mfuko uliokatwa unavuja kwenye mshono. Kuvuja huko huleta mapigo ya moyo ya haraka hata mtu akiwa amelala, maumivu ya tumbo, wakati mwingine maumivu ya bega la kushoto na kupumua kwa shida. Mapigo yakipita 120 kwa dakika mtu akiwa amepumzika, asipewe dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kisisahaulike. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba hupanda, na baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visifyonzwe vizuri. Wataalamu hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kubeba mimba. Uzazi wa mpango wa kipandikizi, sindano au kitanzi ni wa uhakika zaidi kwa kipindi hicho.

Ukifanya kazi mgodini

Katika ukanda huu kizunguzungu kina bei nyingine. Mtu anaendesha lori la mawe Geita, anafanya kazi chini ya ardhi Bulyanhulu, anashuka duarani Nyarugusu, au anakaa kwenye krasha na mwalo kutwa nzima juani. Sekunde 5 za kuona giza zinatosha kuua, na si yeye peke yake.

Mambo ya kuzingatia:

- Mwambie daktari wa kampuni au kliniki ya mgodi kuhusu upasuaji kabla ya kurudi zamu. Omba kazi nyepesi kwa muda.
- Usishuke duarani wala kushika usukani siku ambayo umeona giza, hata mara moja.
- Zamu ya joto inahitaji maji ya ziada. Kama huwezi kunywa ya kutosha kwa mafunda, bado hujawa tayari kwa zamu hiyo.
- Maji ya ORS kwa mafunda ni bora kuliko kinywaji cha kuongeza nguvu.
- Anayeshika zebaki mwaloni amwambie daktari. Zebaki nayo huleta kutetemeka na uchovu, na inaweza kuchanganywa na mambo haya.
- Pombe hupanda kichwani haraka zaidi baada ya upasuaji. Kiasi ambacho zamani kilikuwa "cha kuchangamka" sasa kinaweza kumwangusha mtu. Gongo usiku na zamu asubuhi havikai pamoja.

Dereva wa basi, bodaboda na bajaji yuko kwenye kundi hili hili.

Sahani ya nyumbani

Lengo la protini kwa wengi ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Chakula cha Usukumani kinaweza kulifikia, ila si kwa mpangilio uliozoeleka wa ugali mkubwa na mboga kidogo. Ugali wa muhogo, michembe na matobolwa vinajaza mfuko mdogo haraka bila kuacha protini ya maana. Geuza sahani: mboga ya protini kwanza, wanga mwisho, kama nafasi imebaki.

Makadirio ya kusaidia:

- Yai moja: gramu 6
- Glasi ya maziwa au mtindi usio na sukari: gramu 8
- Kikombe cha maharage, choroko au dengu zilizoiva: takriban gramu 15
- Kipande cha sato au sangara cha gramu 100: takriban gramu 20
- Dagaa wakavu gramu 30, sawa na konzi ndogo: takriban gramu 18

Dagaa wakisagwa na kuchanganywa kwenye supu hupita kirahisi hata wiki za vyakula laini. Ni nafuu kuliko unga wa protini wa dukani.

Safari ndefu ya basi

Anayerudi kutoka Dar es Salaam baada ya upasuaji anakaa kwenye kiti saa nyingi, kutwa nzima au zaidi. Damu inaweza kuganda kwenye miguu, na bonge likapanda hadi kwenye mapafu. Muulize daktari lini ni salama kusafiri na kama unahitaji sindano za kuzuia damu kuganda. Njiani, shuka utembee kila basi linaposimama, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla pamoja na kizunguzungu, usisubiri kufika nyumbani. Hospitali ya mji uliopo ndiyo yako.

Uende wapi

*Kituo cha afya au zahanati* kinatosha kwa kupima presha ukiwa umelala na umesimama, sukari, malaria, wingi wa damu na mimba. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wingi wa damu chini ya 12 ni upungufu. Kwa mwanaume, chini ya 13.

*Hospitali ya rufaa ya mkoa*, Shinyanga au Geita, ni kwa kutapika kusikokoma, kuhitaji dripu, vipimo vya figo na chumvi za mwili, na kupunguziwa dawa.

*Hospitali ya kanda*, yaani Bugando Mwanza au Chato, ni kwa kamera ya tumbo, CT scan na daktari bingwa wa upasuaji. Kutoka Geita kwenda Mwanza hakuna tena kusubiri kivuko: Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025.

Kliniki ya kufuatilia ni miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka maisha yote. Kama huwezi kufika Dar es Salaam kila mara, omba daktari wako akuandikie orodha ya vipimo, uvifanyie hapa na kumtumia majibu kwa simu.

Nenda hospitali sasa hivi ukiona:

- Kuzimia, au kuanguka
- Mapigo ya moyo zaidi ya 120 ukiwa umepumzika
- Homa pamoja na maumivu ya tumbo
- Pumzi kukata au kifua kuuma
- Kutapika damu, au kinyesi cheusi
- Maji kutokaa tumboni kwa saa 24
- Kuyumba, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa
- Mkojo wa bluu au kijani kwa mwenye puto

Karatasi moja kwenye pochi

Andika leo, na upige picha uiweke kwenye simu: aina ya upasuaji uliofanyiwa, tarehe, hospitali, namba ya daktari wako, dawa zote unazotumia na vipimo vyake. Chini yake ongeza mistari miwili: "Nikitapika sana nipewe thiamini kabla ya glukosi au pamoja nayo. Nisipewe diklofenaki wala ibuprofeni."

Muoneshe mume, mke au mtoto mkubwa ilipo. Siku ukianguka, atakayeongea na daktari ni yeye.